Programu Pweke: Maelezo Juu ya Kuandika na Kuboresha Amri za Vidhibiti Vidogo

Katika mwaka 2024 wenye nyumba wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda walitakiwa kufanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kabla yake. Mtu aliyenunua umeme wa kulipia kabla alipewa, pamoja na namba yake ya kawaida yenye tarakimu 20, namba nyingine mbili za urefu uo huo, akaambiwa azibonyeze kwanza katika mita yake, moja baada ya nyingine, ndipo aingize ile ya umeme alioununua. Asiyefanya hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 angeendelea kutumia umeme uliokwisha kuingia katika mita, lakini mita isingekubali tena kupokea umeme mpya. Sababu haikuwa waya wala nguzo, wala bei. Ilikuwa ni upana wa namba moja.

Mita hizo hufuata kanuni iitwayo STS, ambayo ilianzia Afrika ya Kusini ikaenea katika nchi nyingi, na LUKU ya Tanzania imo humo. Katika kanuni hiyo kila namba ya umeme hubeba ndani yake, kwa maandishi ya siri, wakati wa kuuzwa kwake. Na wakati huo ulihesabiwa kwa dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu ya dakika imetengewa biti 24. Biti ni nafasi moja ya kuandikia ama sifuri ama moja, na nafasi 24 za namna hiyo haziwezi kuonyesha hesabu zaidi ya 16,777,216. Dakika hizo hutimia karibu miaka 32. Zikiisha, hesabu hurudi sifuri. Na mita, ambayo hukataa namba za zamani ili mtu asizitumie mara mbili, ingeiona namba iliyonunuliwa leo kuwa ni ya kale kuliko zote. Namba mbili za ziada zilikuwa za kuibadilishia mita ufunguo wake wa siri na kuuhamisha mwanzo wa hesabu hadi mwaka 2014.

Msomaji atauliza kwa nini waliotunga kanuni hawakutenga biti 32, au hata 40, wakajiepusha na usumbufu wote huo. Jibu ni kwamba namba nzima ina biti 66 tu, kwa kuwa hizo ndizo zinazoenea katika tarakimu 20, na tarakimu 20 tayari ni kazi kwa mtu anayezibonyeza gizani. Katika biti hizo, 16 ni za kiasi cha umeme, 16 ni za kukagua kama namba imeingizwa sawasawa, na zilizobaki, mbali na zile 24 za wakati, ni za kuonyesha aina ya namba na za kuizidishia siri. Biti moja zaidi ya wakati ingekuwa biti moja pungufu ya kitu kingine. Si haki, basi, kusema kwamba watu hao walizembea. Walinunua kwa kadiri ya fedha waliyokuwa nayo mfukoni.

Uchumi wa namna hii, ambamo kila nafasi ina bei yake, ndio hali ya kila siku ya watu waandikao programu za vidhibiti vidogo. Kidhibiti kidogo, au maikrokontrola kama mafundi wengi wasemavyo, ni kompyuta nzima iliyowekwa katika kipande kimoja cha silikoni: kiini cha kufanyia hesabu, kumbukumbu, vihesabio vya muda, na miguu ya kupokea na kupeleka umeme. Kimo ndani ya mita, ndani ya mashine ya kufulia nguo, ndani ya mizani ya kielektroniki na ndani ya breki za gari. Hakina kioo wala kibodi ya kawaida, na mtu akitumiaye aghalabu hajui kwamba kipo.

Katika kompyuta ya mezani mwandishi wa programu ni mpangaji. Akitaka herufi ionekane katika kioo, huomba. Akitaka kumbukumbu zaidi, huomba. Na mfumo endeshi, ulio mwenye nyumba, humpa au humnyima, na hata akianguka wapangaji wengine hawaamki. Katika kidhibiti kidogo mara nyingi hapana mwenye nyumba. Programu ni moja, nayo huanza umeme unapofika na haina ruhusa ya kumalizika, kwa kuwa hapana mahali pa kurudi. Waingereza husema kwamba programu za namna hiyo zakaa juu ya chuma kitupu. Msemo huo haufai kuhamishwa ulivyo, maana kidhibiti si chuma, na utupu kwa Mswahili unayo maana nyingine inayojulikana na kila mtu. Hapa zitaitwa programu pweke, kwa kuwa hazina mwenzi wala msimamizi.

Mfano unaofaa ni kidhibiti kiitwacho ATmega328P, kwa sababu chapatikana kwa urahisi, maelezo yake yote yamechapishwa na watengenezaji, na wanafunzi wengi huanzia hapo. Ukoo wake, uitwao AVR, ulibuniwa Norway, nacho ndicho moyo wa bodi ya Arduino Uno iliyotoka mwaka 2010, kazi ya watu walioanza shughuli hiyo katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kina kumbukumbu ya kudumu ya baiti 32,768, ambamo programu hukaa hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048, ambayo husahau yote umeme unapokatika. Na baiti nyingine 1,024 za kuhifadhia mambo machache yasiyopaswa kupotea. Baiti ni biti nane, nayo yatosha kuandikia herufi moja ya Kiswahili. Makala haya yangeenea katika kumbukumbu ya kudumu na kuacha nafasi. Lakini katika kumbukumbu ya kazi zisingeingia hata aya nne za mwanzo. Saa ya kidhibiti katika bodi hiyo hupiga mara 16,000,000 kwa sekunde, na amri nyingi humalizika kwa pigo moja.

Umeme unapofika, kiini huenda kwenye anwani ya sifuri na kutii amri kinayoikuta hapo. Mwanzoni mwa kumbukumbu ya kudumu kuna nafasi 26 zilizopangwa kwa safu. Ya kwanza husema pa kwenda wakati wa kuanza, na zilizobaki husema pa kwenda linapotokea jambo la ghafla, kama vile kihesabio kujaa au herufi kuwasili kwa waya. Baada ya kuruka kutoka nafasi ya kwanza, kuna kazi ya nyumbani ambayo katika kompyuta kubwa hufanywa na mwingine: kuweka alama ya mahali mrundo wa kumbukumbu utakapoanzia, kunakili thamani za mwanzo kutoka kumbukumbu ya kudumu hadi ile ya kazi, na kuzifuta kwa sifuri baiti za vibadilika ambavyo havikupewa thamani. Mistari hiyo michache kwa kawaida huongezwa na vifaa vya kutengenezea programu pasipo mwandishi kuiona. Lakini inapokosewa, hapana ujumbe wa kosa unaoonekana popote, kwa kuwa programu ya kuuandika ujumbe huo haijaanza.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kuandika katika rejista. (Neno hili lisichanganywe na rejesta ya wanaisimu, ambayo ni mtindo wa lugha kulingana na mahali na shughuli.) Rejista za kidhibiti ni baiti zenye anwani kama baiti nyingine za kumbukumbu, isipokuwa kwamba kila biti yake imefungwa kwa kitu halisi. Taa ndogo iliyo katika bodi ya Uno imeunganishwa na mguu unaotawaliwa na biti ya 5 ya lango B, kuhesabu kukianza kwa sifuri. Ukiandika 1 katika biti hiyo kwenye anwani ya 36, mguu huwa wa kutoa umeme badala ya kuupokea. Ukiandika 1 katika biti hiyo hiyo kwenye anwani ya 37, taa huwaka. Hapana la zaidi. Amri ya kuiwasha taa ina baiti mbili, nayo humalizika kwa mapigo mawili ya saa, yaani sehemu ya nane ya milioni moja ya sekunde.

Wengi, hata hivyo, hawaandiki hivyo. Maktaba iliyoletwa pamoja na bodi huwapa jina moja la kuwashia mguu wo wote katika bodi yo yote ya ukoo huo, na ndani ya jina hilo mna kazi ya kutafuta katika majedwali mguu huo ni wa lango lipi, kuuliza kama umeshughulishwa na kihesabio, kuzuia makatizo na kuyaruhusu tena. Mapigo mawili hugeuka kuwa makumi. Kwa anayewasha taa ya mlangoni hasara hiyo si kitu, na faida yake ni kubwa, kwa maana programu yake itahamia bodi nyingine bila kubadilishwa. Kwa anayetaka kutuma ishara laki nyingi kwa sekunde, maktaba hiyo ni ukuta. Kosa si kutumia maktaba wala kuiacha, bali ni kutojua unalipa nini.

Sasa yafaa kuangalia jambo ambalo ndilo kiini cha fani hii, nalo ni jambo la lugha kuliko la umeme. Programu hizi kwa kawaida huandikwa kwa lugha iitwayo C, na baina ya maandishi hayo na amri za kidhibiti amesimama mfasiri, yaani programu ambayo mafundi huiita kompaila. Mfasiri huyu hafasiri neno kwa neno. Ameruhusiwa kupanga upya, kufupisha na kuacha, maadamu matokeo yanayoonekana ni yale yale. Na hapo ndipo kuboresha kunapotoka kwa sehemu kubwa, maana ataweza kuipunguza programu hata nusu ya ukubwa wake pasipo mwandishi kugusa mstari. Walakini maana ya “matokeo yanayoonekana” ni ile iliyoandikwa katika kanuni za lugha ya C, na kanuni hizo hazijui habari za taa, mota wala mita.

Mwanafunzi anayetaka taa imewemewe huandika: washa, hesabu toka 0 hadi 50,000 bila kufanya lo lote, zima, hesabu tena, rudi mwanzo. Akimwambia mfasiri asiboreshe kitu, taa humeta. Akimwambia aboreshe, taa huonekana kuwaka moja kwa moja kwa mwanga hafifu. Mfasiri ameona hesabu isiyotumika mahali po pote, akaifuta, na taa sasa huwashwa na kuzimwa kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mwanafunzi hulaumu kifaa, kisha hulaumu mfasiri, kisha huamua kwamba uboreshaji ni hatari na kuuzima katika kazi zake zote. Lakini mfasiri alikuwa na haki. Maandishi hayakusema “subiri”. Yalisema “hesabu”, na hesabu ambayo hapana anayeuliza jibu lake ni upuuzi. Kwa kusubiri kuna vihesabio vya muda, ambavyo viliwekwa katika kidhibiti kwa kazi hiyo hasa.

La pili ni gumu zaidi. Tuseme programu yasubiri habari kutoka nje: kuna kibadilika kimoja chenye sifuri, na katizo likitokea, utaratibu wa pembeni hukifanya kuwa moja. Programu kuu imeandikwa isome kibadilika hicho tena na tena mpaka kibadilike. Mfasiri husoma maandishi hayo akaona kwamba ndani ya mzunguko huo hapana amri ya kukibadilisha. Kwa nini, basi, kisomwe mara milioni? Hukisoma mara moja, hukuta sifuri, na kuanzia hapo programu huzunguka milele juu ya sifuri aliyoikariri, ingawa kumbukumbu yenyewe ilikwisha kugeuka kuwa moja zamani.

Kwa Mswahili kosa hili si geni. Mhariri mwenye haraka, ambaye huamini kwamba neno likirudiwa la pili halina kazi, akiikuta “polepole” ataikata iwe “pole”, na mwendo utageuka kuwa rambirambi. Katika lugha yetu kurudia ni maana. Katika lugha ya C kurudia hakuna maana mpaka isemwe kwamba kunayo, na neno la kusemea hivyo ni volatile, lililoingizwa katika kanuni rasmi ya lugha hiyo mwaka 1989. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu chepesi cha kuruka. Kiswahili chalo jina lililo bora zaidi, nalo ni kigeugeu. Kibadilika kikitajwa kuwa ni kigeugeu, mfasiri huambiwa: kila mahali kilipoandikwa kisomwe, kisome kweli, kila mahali kilipoandikwa kiandikwe, kiandike kweli, usidhani unakijua. Rejista zote za kidhibiti hutajwa hivyo, kwa maana rejista ni mlango, na aliye upande wa pili wa mlango hafuati mwandishi.

Baadhi ya watu wakishalijua neno hili hulitumia kama hirizi, wakilibandika kila mahali. Hirizi hiyo ina gharama, kwa kuwa mfasiri hunyimwa ruhusa ya kuboresha, na tena haikingi yote. ATmega328P hushika baiti moja kwa wakati mmoja. Namba ya biti 16 husomwa kwa mikono miwili, baiti ya chini kwanza kisha ya juu. Tuseme katizo huhesabu mizunguko ya gurudumu, na hesabu imefika 255, yaani baiti ya juu ni 0 na ya chini ni 255. Programu kuu husoma baiti ya chini, ikapata 255. Papo hapo gurudumu lazunguka, katizo latokea, na hesabu yawa 256: baiti ya juu 1, ya chini 0. Katizo lamalizika, programu kuu yaendelea pale ilipoachia, yasoma baiti ya juu na kupata 1. Jibu lake ni 511, namba ambayo haikuwahi kuwapo. Kigeugeu hakikusaidia kitu. Dawa ni kuyazuia makatizo kwa muda wa kusoma baiti zote mbili, kisha kuirudisha hali iliyokuwapo kabla. Na zuio lenyewe lapasa kuwa fupi, kwa sababu kidhibiti hukumbuka kwamba katizo la aina fulani limetokea, lakini hakikumbuki kwamba limetokea mara mbili.

Ubaya wa kosa la 511 ni kwamba huja kwa nadra. Programu hujaribiwa mezani siku nzima ikafanya kazi. Hupelekwa mahali pake, na baada ya wiki tatu hutoa jibu moja la ajabu kisha hutulia. Hapana majaribio yanayoweza kuahidi kulinasa. Hunaswa kwa kusoma, yaani mtu kuketi na maandishi yake akijiuliza katika kila mstari: je, mwingine akiingia hapa katikati itakuwaje?

Kuhusu kuboresha kasi, mafundi wazoefu hushika desturi moja iliyo nzuri, nayo ni kupima kabla ya kugusa. Huchukua mguu mmoja usiotumika, wakauwasha utaratibu unapoanza na kuuzima unapokwisha, kisha wakatazama kwa osiloskopu upana wa ishara. Mara nyingi hugundua kwamba sehemu waliyokuwa wakiishuku haina makosa, na kwamba wakati wote waliwa na mstari mmoja wa hesabu. Kidhibiti hiki chajua kuzidisha baiti mbili kwa mapigo mawili, lakini hakina amri ya kugawanya, wala hakijui namba zenye sehemu za desimali. Mfasiri hamnyimi mwandishi vitu hivyo. Humwundia kutokana na amri ndogo ndogo nyingi, na mapigo huwa mamia.

Mathalan, kifaa cha kupimia volti ndani ya kidhibiti hutoa somo baina ya 0 na 1,023, ambapo volti 5 zimegawanywa mafungu 1,024. Kuligeuza somo liwe milivolti ni kulizidisha kwa 5,000 na kuligawa kwa 1,024. Anayefanya hivyo kwa desimali hupata jibu sahihi lakini hubeba maktaba nzito. Anayefanya kwa namba kamili za kawaida hupata jibu la ovyo kuanzia somo la 7, kwa sababu 7 mara 5,000 ni 35,000, na namba ya kawaida ya lugha ya C katika kidhibiti hiki, yenye biti 16, haivuki 32,767. Njia iliyo nzuri ni kutambua kwamba 5,000 juu ya 1,024 ni sawa na 625 juu ya 128, kuzidisha kwa namba ya biti 32, kisha kugawa kwa 128, na mfasiri hufanya mgawanyo huo kwa kuzisogeza biti mahali saba tu. Hesabu ni ile ile ya shule ya msingi. Tofauti ni kwamba hapa kupunguza sehemu kuna malipo.

Kumbukumbu nayo ina mitego yake, na mmoja watosha kutajwa. Katika ukoo wa AVR kumbukumbu ya kudumu na ile ya kazi ni nyumba mbili zenye anwani tofauti. Maneno ya kumwonyesha mtumiaji, kama “Mlango u wazi”, yasipowekewa alama ya kubaki katika nyumba ya kwanza, hunakiliwa yote katika ya pili kila umeme unapofika. Programu yenye sentensi nyingi hupoteza nusu ya baiti zake 2,048 kabla haijafanya lo lote. Na mrundo wa kazi, unaoshuka kutoka juu, hukutana na vibadilika vinavyopanda kutoka chini. Hapana anayepiga kelele vinapokutana. Katika kompyuta ya mezani mwenye nyumba angeingilia kati.

Ziko kazi ambamo kasi si kitu, na kinachookolewa ni betri. Jedwali la watengenezaji husema kwamba ATmega328P ikifanya kazi kwa volti 1.8 na mapigo milioni moja kwa sekunde hutumia miliampea 0.2, na ikilala usingizi mzito hutumia maikroampea 0.1, yaani sehemu moja ya elfu mbili. Kwa hiyo kupima joto mara moja kwa dakika ni shughuli ya kulala, ambayo hukatizwa na kazi kidogo. Na hapo kasi yapata maana nyingine, kwa kuwa amri zikimalizika upesi ndivyo usingizi unavyoanza mapema. Lakini anayejaribu jambo hilo katika bodi nzima ya Uno atashangaa kuona betri yaisha vile vile. Kidhibiti kimelala, kifaa cha kusawazisha volti, taa ya kuonyesha umeme na kipande cha kuzungumza na kompyuta viko macho.

Yabaki kurudi kwenye vihesabio, kwa maana namba inayojaa na kurudi sifuri haiishii kwenye mita. Baina ya mwaka 1985 na Januari 1987, katika Kanada na Marekani, wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi na mashine ya tiba iitwayo Therac-25, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Programu yake haikuwa juu ya mfumo endeshi uliotengenezwa na wengine. Iliandikwa kwa lugha ya asembli juu ya kompyuta ya PDP-11, na shughuli zote za kupanga kazi ziliandikwa ndani yake. Makosa yake yalikuwa zaidi ya moja. Lililohusika katika ajali ya mwisho, iliyotokea Yakima katika jimbo la Washington, lilikuwa baiti moja. Ilipokuwa si sifuri, programu ilikagua kama vifaa vilikuwa mahali pake kabla ya kutoa mionzi. Mwandishi, badala ya kuipa thamani maalumu, aliiongezea moja kila mzunguko. Kila mzunguko wa 256 baiti ilijaa ikarudi sifuri, na katika dakika hiyo hapakuwa na ukaguzi. Mwendeshaji alibonyeza kitufe wakati huo huo. Masahihisho yaliyofanywa baadaye yalikuwa ni kuipa baiti hiyo thamani moja isiyobadilika. Yapasa kuongeza kwamba mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na nyaya ambavyo katika hii viliondolewa kwa kuiamini programu. Aliyetaka kupunguza gharama alipunguza mahali pasipopunguzwa.

Mwaka 2015 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zisiachwe na umeme mfululizo kwa siku 248, kwa sababu kihesabio katika vidhibiti vya jenereta zake kingejaa na jenereta zote zingeweza kujizima pamoja. Siku 248 ni ule muda ambao namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa huchukua kujaa, ikiongezwa mara mia kwa sekunde. Katika bodi ya Arduino kihesabio cha milisekunde, kisicho na alama hiyo, hujaa baada ya siku 49 na saa 17.

Kujaa kwenyewe si kosa, wala hakuepukiki. Kosa hutokea katika kuuliza. Anayeandika “sasa ni saa ngapi, ongeza sekunde moja, ngoja mpaka saa ipite hapo” atakwama siku kihesabio kitakaporudi sifuri, maana wakati wa kungojea utakuwa ama haufiki ama umekwisha kupita. Anayeandika “tangu nilipoanza hadi sasa ni muda gani” hatakwama, kwa sababu kutoa namba zisizo na alama hurudi mzunguko sawasawa na kihesabio chenyewe. Hesabu hii Waswahili huifanya kila siku bila kuifikiri. Mtu aliyeondoka saa kumi na moja akafika saa mbili hasemi kwamba amesafiri saa tisa kwenda nyuma. Husema saa tatu. Saa ya ukutani ilijaa akiwa njiani, na hapana aliyejali, kwa kuwa alichouliza ni muda uliopita, si namba ipi kubwa. Sharti ni kwamba safari isizidi mzunguko mmoja wa saa.

Mita za umeme hazikuweza kutumia hila hiyo, kwa kuwa mteja aweza kukaa na namba yake mwezi mzima kabla ya kuiingiza, na mita haina budi kujua ipi ni ya zamani na ipi ni mpya katika miaka yote iliyopita. Kwa mwanzo mpya wa hesabu uliowekwa, wa tarehe 1 Januari 2014, biti hizo 24 zitajaa tarehe 24 Novemba 2045.